Manju Hana GPA

Kuna hoja imeenea katika vikao vya mitaala, na siku hizi wacheza ngoma wenyewe wanaitetea kwa sauti kubwa kuliko maamidi. Inasema hivi: ngoma haitaheshimiwa chuo kikuu mpaka ipimwe kwa kipimo kilekile kinachopima uchumi na fizikia. Walimu wake wawe na PhD kama wenzao wa idara za jirani. Kozi zake zihesabiwe krediti kama za wenzao. Tume ije na orodha yake, ikague, igonge muhuri, na kuanzia hapo hakuna atakayethubutu kuuliza kwa kejeli kama kweli mtu anaweza kupewa shahada kwa kukata kiuno.

Hoja hii ina mvuto, na wanaoitoa wana machungu ya kweli. Mtu amefundisha ngoma tangu ujana wake, lakini kwenye orodha ya mishahara bado anaandikwa fundi, na kwenye kikao cha idara anaulizwa habari za spika na maturubai wakati wenzake wanajadili utafiti. Ukimwambia mtu huyo kwamba ithibati ndiyo itakayomwokoa, ataikumbatia. Mimi nasema haitamwokoa. Kwa namna inavyotumika sasa, ithibati humtoa nje yeye mwenyewe, kisha humwingiza mwingine anayejua kuandika habari zake.

Nianze na ninachokikubali, maana nisipofanya hivyo nitaambiwa nataka turudi porini. Ithibati haikuletwa kwa hila. Tanzania ilipata Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu mwaka 1995, vyuo vikuu binafsi vilipoanza kuchipuka. Sheria ya mwaka 1997 ikaunda NACTE, ambayo leo ni NACTVET, kwa ajili ya vyuo vya ufundi, na mwaka 2005 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ikaichukua kazi ya lile Baraza. Mzazi aliyeuza shamba ana haki ya kujua kwamba cheti atakachopewa mwanawe si karatasi ya kufungia maandazi. Chuo kisipotambulika, mwanafunzi hapati mkopo wa Bodi ya Mikopo, na shahada yake inakwama dirishani anapoomba kazi. Anayependekeza ngoma ijitoe kabisa kwenye mfumo huu anawafungia mlango watoto wa maskini. Watoto wa wenye nazo watakwenda kusoma Ulaya. Kwa hiyo simo katika kundi hilo. Ugomvi wangu uko kwenye swali moja ambalo ithibati imelijibu haraka mno: nani anaruhusiwa kufundisha?

Soma tangazo la kazi la chuo kikuu chochote cha umma hapa kwetu. Tumezoea kuona GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili kabla jina lako halijafikiriwa kwa nafasi ya mhadhiri msaidizi, na kuitwa mhadhiri kamili kunataka PhD. Kenya nayo, katika vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014, ilielekea hukohuko. Nyuma ya masharti haya ipo kanuni ya zamani kwamba anayefundisha awe amesoma ngazi ya juu kuliko anayemfundisha. Kwa kemia kanuni hii inaeleweka. Maarifa ya juu ya kemia yanakaa vyuoni na maabara. Anayeyataka hana budi kupita humo. Ngoma ina makao mengine. Bugobogobo iliyokomaa iko Usukumani. Sindimba iko kwa Wamakonde. Muheme iko kwa akina mama wa Kigogo wanaobana ngoma katikati ya mapaja na kuzipiga huku wakicheza. Chuo kikuu ndicho kilichokwenda kubisha hodi huko. Sasa mgeni amegeuka, anamdai mwenyeji cheti.

Waliojenga ufundishaji wa ngoma katika nchi hii hawakuwa na shahada, na hilo halikuwa siri wala aibu. Baada ya uhuru serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, kisha cha sarakasi kilichotokana na vijana waliopelekwa China katikati ya miaka ya 1960, kisha cha maigizo. Vikundi hivyo vilipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasanii wake wengi waligeuzwa walimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981. Miongoni mwa waliofundisha hapo alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo ambaye Mwalimu Nyerere alimleta Dar es Salaam mwaka 1967 kwa ajili ya zeze, marimba na ile sauti yake. Alirekodi na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, na alipofariki Desemba 2003 alikuwa ameacha msururu wa wanafunzi, wengi wa ukoo wake mwenyewe. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo huo, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu yao *Maisha* kupitia kampuni hiyohiyo. Lugha ya mitaala inayaita mambo kama hayo matokeo ya ujifunzaji, na huyataka kwa wingi. Lakini mwalimu aliyeyazaa asingevuka hatua ya kwanza ya mchujo wa maombi ya kazi.

Mwaka 2007 chuo cha Bagamoyo kikawa wakala wa serikali, TaSUBa, na mafunzo yake yakaingia kwenye ngazi za tuzo za ufundi, NTA: cheti huku, stashahada kule. Shahada zikabaki vyuo vikuu chini ya TCU. Kiutawala mgawanyo huo hauna ubaya. Athari yake kwenye ngoma ni kwamba mikono na miguu ilibaki Bagamoyo, maneno yakapanda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nitakuwa sijawatendea haki wa Mlimani nikiishia hapo. Godwin Kaduma aliandika tasnifu yake ya uzamili mwaka 1972 juu ya ngoma tano za Tanzania, na alikuwa mtu wa jukwaani kweli. Penina Muhando na Amandina Lihamba waliitoa sanaa ya maonyesho darasani wakaipeleka vijijini. Kizazi kile kiliandika na kucheza pia. Lakini kilifanya hivyo wakati ambapo kupanda cheo hakukuwa hesabu ya pointi za makala kama ilivyo leo. Mhadhiri kijana wa ngoma akiuliza nini kitampandisha, anaambiwa achapishe. Hata pale kanuni za kupandisha vyeo zinapotaja kazi za ubunifu, linabaki swali la nani atazipima, na jibu kwa kawaida ni maprofesa ambao hawajawahi kuvaa njuga.

Tuingie studio. Mkaguzi anataka moduli zenye namba na krediti, na kwa TCU krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Anataka malengo yanayoanza na vitenzi vya kupimika. Anataka mtihani ambao mtahini wa nje ataufungua, ausome, aweke saini. Hakuna baya katika lolote kati ya haya likitazamwa peke yake. Ila ngoma inapopita humo inatoka vipande vipande: moduli ya kupiga, moduli ya kuimba, moduli ya kucheza, kila moja na mwalimu wake na chumba chake. Uwanjani mpigaji anatazama mguu wa mchezaji kabla hajabadili mdundo, mchezaji anasubiri neno la manju, kiongozi wa ngoma, na manju anasoma nyuso za watu. Anayefundishwa kipande kimoja anapata alama zake kamili, kisha anashindwa kucheza siku mpigaji akibadilika.

Halafu kuna mtihani wenyewe. Mahali ambapo kazi za muhula zina asilimia 40 na mtihani wa mwisho 60, mwalimu wa ngoma anajikuta na tatizo la kiofisi. Kucheza hakuachi karatasi. Mtahini wa nje hawezi kusahihisha upya lizombe iliyochezwa wiki tatu zilizopita. Njia rahisi ni kuongeza insha, maana insha ina ushahidi, inaweza kufungiwa kabatini na kutolewa siku ya ukaguzi. Basi insha zinaongezeka muhula hadi muhula bila mtu yeyote kukaa akaamua kwamba ngoma iwe somo la kuandika.

Na saa za kazi? Katika vyuo vingi saa mbili au tatu za vitendo huhesabiwa sawa na saa moja ya mhadhara. Mantiki yake ni kwamba mhadhara una maandalizi na usahihishaji, vitendo havina. Aliyeiandika hakuwahi kufundisha vijana ishirini kurukaruka kwenye saruji huku akichunga magoti yao mmoja mmoja. Mwalimu wa ngoma anatumia siku nzima studio, jioni karatasi inaonyesha hajafikisha mzigo wa kazi, na anaongezewa kozi ya nadharia ili hesabu itimie. Kisha anaulizwa kwa nini hachapishi.

Watetezi wa ithibati hapo hunijibu kwa kuninyooshea Marekani. Kule, wanasema, ngoma ina chombo chake cha ithibati, ina shahada zote hadi ya uzamivu, na imeheshimika. Nakubali tuitazame Marekani, ila tuitazame yote.

Shahada ya kwanza ya ngoma nchini humo ilianza Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1926. Aliyeijenga ni Margaret H'Doubler, mwalimu wa michezo aliyependa mpira wa kikapu na ambaye digrii yake ilikuwa ya biolojia. Kama kanuni ya leo ingekuwepo siku hiyo, somo lisingezaliwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu duniani mwenye sifa za kulifundisha. Chama cha kitaifa cha shule za ngoma, NASD, kiliundwa mwaka 1981, na hadi leo wanachama wake ni takribani 80, sehemu ndogo tu ya vyuo vinavyofundisha ngoma nchini humo. Vingi vinaishi bila muhuri huo na vinaajiri, vinafundisha, vinatoa wachezaji. Jambo hilo peke yake lingetosha kutuliza jazba za wanaoamini kwamba bila muhuri wa fani hakuna fani.

Lakini kinachonivutia zaidi ni yaliyomo kwenye vigezo vya NASD, kwa sababu viliandikwa na watu wa ngoma. Vinataka shahada ya kitaalamu ya ngoma iwe na angalau asilimia 65 ya masomo yake ndani ya ngoma. Vinauliza habari za sakafu yenye mnepo, kimo cha dari, kinga dhidi ya majeraha. Na kuhusu walimu vinasema bayana kwamba digrii ni kipimo kimojawapo, kwamba uzoefu na umahiri vinaweza kusimama mahali pake, na kwamba pale chuo kinapoandaa wachezaji wa kitaalamu, kazi za ubunifu zina uzito sawa na machapisho. Huo ndio muhuri tunaohimizwa kuuiga. Wanaotuhimiza wameiga muhuri wakaacha maandishi.

Tena tazama kilichotokea hata kwa mashirika ya ithibati ya vyuo vizima. Lile la majimbo ya kusini mwa Marekani linazungumzia digrii ya uzamili yenye angalau saa 18 za masomo ya fani husika, lakini linaruhusu chuo kitetee mwalimu kwa kazi zake, tuzo zake na umahiri uliothibitika. Lile la majimbo ya kati liliposisitiza mwaka 2015 kwamba mwalimu awe ngazi moja juu ya wanafunzi wake, liliacha wazi njia ya uzoefu uliojaribiwa. Mlango umo kwenye maandishi. Wanaoufunga ni vyuo vyenyewe. Ofisi ya udhibiti ubora inaogopa swali la mkaguzi, na kumtetea mwalimu asiye na digrii kunataka barua, ushahidi, picha za video, sahihi tatu. Kumwajiri mwenye digrii kunataka nakala ya cheti. Mwenye woga atachagua nakala ya cheti kila mara. Baada ya miaka michache woga huo unaitwa kanuni, na ukiuliza kanuni hiyo imeandikwa wapi, unaambiwa ni matakwa ya ithibati.

Hapa ndipo nawalaumu wasomi wetu kuliko ninavyoilaumu tume. Tume yetu inasimamia udaktari wa binadamu, uhandisi, sheria na ngoma kwa watumishi walewale; haiwezi kujua ni nini kinafanya mwalimu wa mdumange awe mwalimu. Inasubiri kuambiwa. Nani aiambie kama si idara zenye ngoma? Badala ya kwenda na pendekezo, idara zinakwenda na majedwali ya PhD, zikishindana na sosholojia kwa silaha za sosholojia.

Sina chuki na PhD ya ngoma. Alfdaniels Mabingo wa Uganda alichapisha mwaka 2020 kitabu juu ya ubuntu kama njia ya kufundishia ngoma katika nchi yake, na ni kazi ambayo mwalimu yeyote wa fani hii angefaidika nayo. Makerere, ambako idara ya muziki, ngoma na maigizo ilianza mwaka 1971, inahitaji watu wa aina hiyo, na sisi pia. Kinachonikera ni mgawanyo wa sifa unaofuata. Msomi anakwenda kijijini, anakaa na manju, anajifunza kwake, anarudi, anaandika, anakuwa daktari wa falsafa. Manju anatajwa kwenye ukurasa wa shukrani kama mtoa habari. Chuo kinapotafuta mtu wa kufundisha ngoma ileile, mtoa habari hana sifa. Aliyepewa habari anazo.

Halafu kuna suala la mwili, ambalo sijaona likiandikwa kwenye mwongozo wowote. Mcheza ngoma ana miaka yake. Kati ya ishirini na arobaini ndipo anapojua vya kutosha na bado magoti yanamtii. Hiyo ndiyo miaka ambayo mfumo unamtaka akae kitako: miaka miwili ya uzamili, minne au mitano ya uzamivu, na kabla ya hapo kusubiri ufadhili. Anatoka na cheti na kiuno kigumu. Mwanahistoria hapotezi historia kwa kukaa maktaba miaka saba. Mchezaji anapoteza mwili, na mwili kwake ndio maktaba. Tunapomlazimisha apite njia ya mwanahistoria ili alipwe sawa naye, tunamtoza nauli ambayo mwenzake halipi.

Turudi kwenye heshima, kwa kuwa ndiyo hoja yenyewe hasa. Mengine ni mapambo. Inasemwa heshima huja na muhuri. Mcheza ngoma Germaine Acogny alifungua shule ya École des Sables mwaka 1998 huko Toubab Dialaw, kijiji cha wavuvi nchini Senegal, na sakafu ya darasa lake moja ni mchanga. Haikuwa chuo kikuu. Wachezaji kutoka kila pembe ya Afrika wamepita hapo, na mwaka 2021 Biennale ya Venice ilimpa Acogny tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Vyuo vikuu vinamwalika yeye. Heshima ilitoka kwenye kazi, vyuo vikaikuta njiani.

Kwa upande wa pili, Chuo cha Sanaa cha Philadelphia, University of the Arts, kilikuwa na ithibati, na skuli yake ya ngoma ilikuwa na jina kubwa. Mwishoni mwa Mei 2024 kilitangaza kwamba kitafungwa ndani ya wiki moja. Shirika lake la ithibati liliifuta ithibati hiyo tarehe 1 Juni, na tarehe 7 milango ikafungwa. Pesa zilikuwa zimekwisha. Wanafunzi zaidi ya elfu moja na walimu wao waliachwa barabarani na chuo ambacho siku chache nyuma kilikuwa na kila karatasi inayotakiwa. Sisemi ithibati ndiyo iliyokiua. Nasema haikuwa kinga ambayo tunaahidiwa. Na kilichonusurika kinafundisha jambo: Donna Faye Burchfield, aliyekuwa amidi wa ngoma, aliihamishia programu Chuo cha Bennington, Vermont, pamoja na wanafunzi wake. Walichobeba kilikuwa watu na namna yao ya kufundishana. Bennington, kwa taarifa ya wasiojua, ndipo Martha Graham na wenzake walipofundisha ngoma ya kisasa majira ya joto ya mwaka 1934, na hawakuulizwa GPA.

Najua nitaambiwa: bila digrii utampimaje mtu? Si kila mzee mwenye njuga ni bingwa. Kweli kabisa, na wenye ngoma walilijua hilo kabla ya tume yoyote. Hakuna mwari aliyeamka asubuhi akajitangaza kungwi. Bi Kidude, mwimbaji na kungwi wa Zanzibar, hakupewa unyago kwa kuwa na sauti nzito. Usukumani, Bagika na Bagalu wamekuwa wakishindana tangu karne ya 19, kambi mbili, uwanja mmoja, ngoma kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Kila mwaka kwenye tamasha la Bulabo pale Bujora, nje kidogo ya Mwanza, kipimo hicho bado kinafanya kazi. Kina kasoro zake. Umati unaweza kununuliwa kwa mbwembwe, mtu anaweza kucheza na nyoka ili kufunika miguu mizito, na dawa za kuvutia watazamaji wenyewe hawazifichi. Wala siupambi uwanja wa kijiji kama pepo: sindimba ilipopelekwa mahotelini ilibaki kiuno kitupu, na walioipeleka wengine walikuwa mabingwa wa kweli. Ila hata kipimo hicho chenye kasoro kinapima ngoma. GPA ya 3.8 inapima kitu kingine, na inaweza kuwa ya mtu ambaye hajawahi kushindana na yeyote mbele ya macho ya watu wanaoijua ngoma yake.

Wengine huleta hoja ya nidhamu: mwalimu asiye msomi hatafuata ratiba, atakuwa na upendeleo, atawasumbua wasichana. Hili nalijibu kwa kifupi kwa sababu halistahili zaidi. Rushwa ya ngono vyuoni haikuanzishwa na wapiga ngoma.

Kuna jambo moja ambalo serikali yetu tayari inalifanya, na ajabu ni kwamba halijavuka uzio wa vyuo vikuu kwa upande wa walimu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa miaka mingi imekuwa ikitambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi magari aliyejifunza chini ya mwembe anapimwa kwa vitendo na mafundi wenzake, kasoro zake zinajazwa kwa mafunzo mafupi, anapewa cheti. Mpishi vivyo hivyo, mwashi vivyo hivyo. TCU nayo imekubali kwamba mtu anaweza kuingia chuo kikuu kama mwanafunzi kwa kutambuliwa alichojifunza maishani. Kwa hiyo dola inakubali kwamba maarifa yapo nje ya darasa. Inakubali kwa anayetaka kusoma, inakubali kwa anayetengeneza breki ambazo sote tutazitegemea barabarani, halafu inasita kwa anayetaka kufundisha muheme.

Ninachokidai ni kidogo kuliko kelele zangu. Idara ya ngoma iwe na nafasi ya mwalimu-bingwa katika muundo wa utumishi, yenye mshahara na pensheni, na si posho ya kipindi inayolipwa mwezi wa tatu baada ya kazi. Aingie kwa kupimwa na jopo: mabingwa wawili wa ngoma yake kutoka nje ya chuo, msomi mmoja wa fani, na mwakilishi wa chuo wa kuandika muhtasari. Afundishe pamoja na mhadhiri mwenye PhD, kozi moja majina mawili, na sahihi zote mbili ziwe kwenye karatasi ya matokeo. Mtahini wa nje aje siku ya ngoma, akae kwenye benchi, atazame. Akishindwa kuja siku hiyo, atafutwe mwingine. Saa ya studio ihesabiwe saa.

Na wakaguzi wanapokuja, waanze na sakafu. Wavue viatu. Waulize kama wanafunzi wanachezea saruji, kama kuna maji, kama kuna mtu anayejua kufunga kifundo cha mguu kilichoteguka, kama ngoma zimewambwa na ngozi zake zikoje. Kisha waombe kuonyeshwa ngoma moja kamili, wapigaji na waimbaji na wachezaji pamoja, bila kusimamishwa. Baada ya hapo ndipo wafungue faili la vyeti.

Najua kikwazo cha kwanza kitakuwa ofisi ya Utumishi wa Umma, kwa kuwa cheo kisichokuwepo kwenye muundo hakina mshahara, na kubadili muundo kunachukua bajeti zaidi ya moja. Kikwazo cha pili kitakuwa sisi wenyewe, hasa wale waliokwishalipa nauli ya PhD kwa magoti yao na wanaoona si haki mwingine apite bila kulipa. Hao ndio watakaopinga kwa nguvu zaidi kikaoni, na ndio wenye kura.